Njoya hakuleta siasa St Andrew's, aliikuta

Kila darasa jipya la historia ya kanisa huniletea sentensi ileile: "Zamani wachungaji walihubiri Injili tu, siasa ililetwa na Njoya na vyama vingi." Wanamsema Timothy Njoya, mchungaji wa PCEA, yaani Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki. Hata wazee wa kanisa wananiambia hivyo. Siku hizi nauliza tu: zamani ya mwaka gani?

Chukueni St Andrew's, kanisa la Kipresbiteri la Nairobi, peke yake. Mwaka 1955 mchungaji wake alikuwa Mskoti, David Steel, na waliokaa mbele yake walikuwa hasa Wazungu wenzake. Akawahubiria hao hao akikemea jinsi serikali ya kikoloni ilivyokuwa ikiendesha Hali ya Hatari, vita dhidi ya Mau Mau ambavyo Waafrika zaidi ya 1,000 walinyongwa kabla havijaisha. Timothy Njoya wakati huo alikuwa kijana mdogo wa shule. Mwaka 1969, watu walipokuwa wakilazimishwa kula kiapo cha kuubakiza utawala mikononi mwa Wakikuyu huko Mkoa wa Kati, John Gatu, katibu mkuu wa PCEA, alikipinga waziwazi, na aliyekuwa Ikulu hakuwa mkoloni tena bali Kenyatta.

Ndipo anakuja Njoya. Miaka ya 1980 alikuwa tayari anaikosoa serikali ya Rais Moi kwenye mahubiri bila kuzunguka. Yale mahubiri ya Januari 1, 1990 ambayo kila mtu anayataja aliyatoa St Andrew's, wiki moja baada ya dikteta wa kikomunisti Ceaușescu kupigwa risasi Romania. Akauliza kama tawala za chama kimoja za Afrika nazo hazitaanguka kama zile za Ulaya Mashariki. Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja kisheria tangu 1982, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuelezwa anasemwa nani. Mawaziri walikuja juu. Lakini kuyaita hayo mwanzo ni uvivu wa kusoma. Nawasihi wanafunzi wangu: kabla ya kuandika aya yoyote, chora kwanza mstari wa miaka. Wachache hunisikia.

Na wanazo hadithi nyingine. "Kanisa zima lilisimama na Njoya." Wapi! Wakubwa wa kanisa lake wenyewe walimhamisha kutoka Nairobi.

"Njoya alikuwa wa All Saints." Hapana, hilo ni kanisa kuu la Waanglikana, Nairobi. Alipigwa humo na polisi Julai 7, 1997, siku ya Saba Saba, ya maandamano ya kudai mageuzi. Na hilo linamaliza pia hadithi kwamba polisi hawaingii kanisani: waliingia na marungu, wakatupa na vitoa machozi. Juni 1999 akapigwa tena, nje ya Bunge.

"Askofu Sapit alipiga siasa marufuku." Septemba 2021, kule Butere, Jackson ole Sapit, askofu mkuu wa Waanglikana wa Kenya, aliwanyima wanasiasa nafasi ya kuhutubia ibada za Kianglikana. Mchungaji hakukatazwa kutaja wizi wa mali ya umma katika mahubiri yake mwenyewe.