Wembanyama peke yake hatoshi

Mechi za San Antonio Spurs, timu ya mpira wa kikapu ya ligi ya NBA ya Marekani, hutufikia Malindi alfajiri, na tukishatoka msikitini mazungumzo ya barazani ni hayo hayo, mdila wa kahawa katikati na vikombe vikizunguka. Kila mara nasikia: "Yakhe, ukiwa na mtu mrefu kama Wembanyama, ubingwa ni wako."

Si kweli. Msimu wa 2022/23, kabla Victor Wembanyama, Mfaransa huyo mrefu, hajafika, Spurs walishinda mechi 22 wakapoteza 60. Akachaguliwa wa kwanza 2023 timu za ligi zilipogawana wachezaji wapya kwa zamu, akaongoza ligi nzima kwa kuzuia mipira, akatwaa tuzo ya mchezaji bora chipukizi. Timu ikashinda ngapi? 22, ikapoteza 60. Vile vile!

Kilichokosekana ni mtu wa kumlisha mpira. Mwanzo wa msimu ule kazi hiyo alipewa Jeremy Sochan, ambaye kwa kawaida ni mshambuliaji. Utamwona Wembanyama karibu na kikapu, mkono juu, yuko wazi. Pasi inachelewa kidogo tu, na mabeki wawili wameshamzingira. Iliniuma sana kutazama. Alipokuja Chris Paul, mkongwe wa kugawa pasi, msimu wa 2024/25 ulifika ushindi 34, ingawa Wembanyama mwenyewe alikaa nje tangu Februari kwa damu kuganda begani.

Hata Tim Duncan, mtu mrefu wa zamani na nguzo ya mataji yote matano ya Spurs, manne kati ya hayo alitwaa akiwa na Manu Ginobili, mlinzi hodari wa pasi ingawa alichaguliwa wa 57. Kwa hiyo mimi macho yangu yako kwa walinzi wa Spurs wa kumlisha Wembanyama mpira, Stephon Castle na De'Aaron Fox.