Je, wajua kwanini simu tunaificha halafu jiko la mkaa tunalala nalo?

Panda daladala ya Mbagala au Buguruni jioni, kaa dirishani na simu mkononi, haipiti dakika mtu atakwambia dada hiyo simu, vibaka hapa. Unaificha fasta. Safi kabisa. Sasa mtu huyohuyo mpeleke Njombe mwezi wa saba kwenye ile baridi, usiku anaingiza jiko la mkaa chumbani, anafunga dirisha, anafunga mlango, na pale chini anaziba na khanga upepo usipite. Analala. Na hapo hakuna wa kumwambia dada hilo jiko.

Ukitaka kupima hatari yoyote maswali ni mawili. Uwezekano wa hili jambo kutokea ukoje, na likitokea litanigharimu nini. Halafu majibu unayazidisha. Simu kukwapuliwa uwezekano mkubwa ila hasara yake utalia wiki mbili, utakopa, utanunua nyingine. Jiko ni kinyume chake, usiku mwingi utalala na utaamka salama na hapo ndo shida inapoanzia maana kila ukiamka salama unazidi kuamini kwamba halina neno, mpaka ule usiku mmoja ambao huamki.

Na tusidanganyane na moshi. Wengi wanasubiri mkaa ukolee uwe mwekundu, moshi uishe, ndo wanaingiza ndani wakijua sasa ni salama. Mkaa mwekundu bado unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na ikishaingia mwilini inaing'ang'ania himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshika. Yaani unapumua vizuri tu ila mwili unakosa hewa. Dalili zake kichwa kuuma, kichefuchefu, kulegea, usingizi, mtu anasema nimechoka leo ngoja nilale.

Sasa kwanini tunakosea hesabu rahisi hivi? Mwaka 1973 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walielezea kwamba binadamu akiulizwa jambo fulani linatokea mara ngapi huwa hahesabu, anavuta kumbukumbu, na kinachokuja haraka kichwani ndo anakiona kinatokea sana. Kibaka umemuona kwa macho yako na stori zake unazo kumi. Mwanasaikolojia mwingine, Paul Slovic, naye mwaka 1987 akaandika kuhusu vitu vinavyotutisha kupita kiasi, vile tusivyoviendesha wenyewe, vigeni kwetu, na vinavyoua watu wengi kwa mpigo. Hiyo ni ndege mtupu. Novemba 2022 ndege ilipotumbukia ziwani pale Bukoba wakafa watu 19, nilimsikia mtu akiapa kuanzia leo Bukoba naenda na basi. Kutoka Dar! Kilomita zaidi ya 1,000 za barabara, malori, usiku, dereva kachoka. Marekani ilishawakuta hii, baada ya magaidi kuteka ndege Septemba 11 mwaka 2001 watu wakaogopa ndege wakaingia kwenye magari yao, na mtafiti Gerd Gigerenzer alikadiria kwamba ndani ya mwaka mmoja watu kama 1,500 wa ziada walikufa barabarani kwa sababu hiyo. Hawa hakuna aliyewaona kwenye habari maana walikufa mmoja hapa, wawili kule.

Bodaboda ina ujanja wake mwingine, inajirudia. Tuseme tu kwa mfano, safari moja ya boda ina nafasi 1 kati ya 10,000 ya kukuangusha vibaya. Utasema si kitu, na kwa safari moja kweli si kitu. Lakini wewe unapanda kwenda na kurudi, siku 300 kwa mwaka, miaka 10, hizo ni safari 6,000. Piga hesabu, uwezekano wa kuanguka vibaya angalau mara moja unafika kama asilimia 45. Namba ya kuanzia nimeitunga ila hesabu ndivyo inavyokwenda, na hapo sijaweka mvua wala mshikaki wa watu watatu.

Mimi huwa naongeza swali la tatu ambalo kwenye semina hawalitaji sana, kujikinga kunanigharimu bei gani? Maana huwezi kuogopa kila kitu, utashindwa kutoka nyumbani. Jiko kulitoa nje kabla ya kulala na kujifunika blanketi la pili, bure. Helmeti iliyofungwa mkanda, tafiti zilizojumlishwa zinaonyesha inapunguza uwezekano wa dereva wa pikipiki kufa akipata ajali kwa kama asilimia 42, na kuumia kichwa asilimia 69, kwa gharama ya nywele kuvurugika na jasho la aliyeivaa kabla yako (hili la jasho nakiri ni kubwa).

Halafu kuna huyu boda wangu wa kituoni, kijana mzuri tu. Helmeti anayo, imening'inia kwenye mkono wa pikipiki. Tukikaribia taa za barabara kubwa anaivaa, tukishapita anaivua. Nikamuuliza bosi mbona hivyo, akanijibu wala bila kufikiri, "Trafiki wapo pale kila siku mzee, ajali mara mojamoja." Kumbe hesabu anaijua vizuri sana, ila kazidisha upande mmoja tu.