Kumbikumbi wa shangazi na ugonjwa unaoanzia machoni

Huku Kakamega mvua kubwa ikinyesha kila mtu anajua kumbikumbi watatoka, na msimu huu shangazi yangu alinipigia simu usiku akiwa na furaha kweli, ameokota ndoo nzima, ameshawakaanga kidogo na chumvi, sasa anataka kumtumia mwanawe Nairobi na gari la asubuhi. Swali lake lilikuwa moja tu: awafunge kwa mkebe gani usioingiza hewa hata kidogo, ndio wafike wakiwa freshi?

Nikamwambia shangazi tafadhali, fungua huo mkebe kwanza.

Kazi yangu ni kuchunguza vijidudu vya chakula kwa maabara hapa Kisumu, na kuna bakteria mmoja, Clostridium botulinum, ambaye mtu akisema tu "isiingie hewa" ndio wa kwanza kunijia akilini, manake huyo hewa ni adui yake. Wengine wanaozesha chakula wakipata hewa, yeye anangoja ikosekane. Anaishi kwa udongo, shambani kwako na kwangu, na kumbikumbi wanatoka wapi kama sio kwa udongo huo huo. Mambo yakiwa magumu anajifungia kama mbegu yenye ganda, tunaiita spoa, na hiyo spoa unaweza kuitokosa kwa sufuria ya kawaida masaa mengi na bado isife, inataka nyuzi 121, joto la presha kuka sio la sufuria. Sasa fikiria shangazi amekaanga juu juu: vijidudu vya kawaida vimekufa, spoa imebaki peke yake bila mshindani, ndani bado kuna unyevu, alafu anafunika wakiwa na joto, anakaza mfuniko, mkebe unaingia kwa buti ya gari na huko Nairobi unakaa siku tatu mezani kabla mtu afungue. Spoa inaota, na ikishaota inatoa sumu. Hiyo sumu ndio inayoua, na ni kali kuliko karibu sumu zote tunazozijua duniani, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona kinatosha kumlaza mtu mzima. Na chakula kinaweza kuonekana sawa tu, kinanukia sawa, kwa hivyo kunusa sio kipimo.

Hii sio hadithi ya mbali. Mwaka 1980 jarida la British Medical Journal lilichapisha ripoti ya madaktari kuhusu wagonjwa hapa hapa Kenya waliopata botulizimu, yaani ugonjwa wa sumu hiyo, baada ya kula kumbikumbi, na kuna waliokufa. Ni ugonjwa wa nadra sana, nasema tena nadra, mimi mwenyewe nimekula kumbikumbi tangu nikiwa mtoto na nitaendelea kula, lakini nadra haimaanishi haupo.

Kinachonisumbua zaidi ni vile unavyojificha. Mtu akisikia sumu ya chakula anafikiria kuendesha na kutapika. Huu mara nyingi unaanzia machoni, kama saa 12 hadi 36 baada ya kula ingawa unaweza kuchelewa hata siku kadhaa: kope zinalegea, unaona vitu viwili viwili, mdomo unakauka, ulimi unakuwa mzito mpaka watu wanadhani umelewa, kumeza kunashinda, alafu udhaifu unashuka, shingo, mikono, kifua, miguu. Sumu imezuia neva zisiipe misuli amri. Na mgonjwa hana homa, akili yake ni timamu kabisa, anawasikia mkibishana kama ni stroki au amerogwa na hawezi kufungua mdomo awaambie alikula nini. Hapo ndipo masaa yanapotea, na misuli ya kupumua ikifikiwa hakuna muda tena. Hata kwa wenzetu wenye vifaa inawapita, Vancouver kule Canada mwaka 1985 watu walilishwa kitunguu saumu kilichohifadhiwa kwa mafuta na wengi wao mwanzoni waliambiwa wana ugonjwa mwingine.

Ukiona dalili hizo usikae nyumbani na chai ya tangawizi, kimbia hospitali kubwa yenye ICU, ukiwa Kisumu nenda Russia, yaani hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, na uwaambie alichokula siku zote za karibuni, na mabaki ubebe na chombo chake. Kuna dawa, antitoksini, inakamata sumu ambayo bado inazunguka kwa damu lakini ile iliyoshika neva haiwezi kuitoa, ndio maana kila saa ni muhimu. Baada ya hapo ni mashine ya kupumulia na subira ya wiki au miezi mpaka neva ziote upya. Watu wanapona, wengi tu, wakiwahi.

Na wale mnaouza pilipili na saumu kwa mafuta ndani ya chupa, mafuta yanafukuza hewa vile vile kama mkebe wa shangazi, bila siki au ndimu ya kutosha hiyo chupa isikae kwa shelfu. Mtoto ambaye hajafika mwaka mmoja pia asipewe asali, hata kidogo ya kikohozi, tumbo lake bado halijakomaa na spoa inaweza kuotea humo humo ndani.

Shangazi alinyamaza kidogo kwa simu, alafu akaniuliza, "Sasa mama yangu alikuwa anawafanyaje mpaka wakakaa miezi?" Nikamwambia anajua jibu mwenyewe. Aliwaanika juani kwa mkeka mpaka wakawa wanavunjika kwa vidole, bila maji spoa haioti. Gari la kesho yake likaondoka bila mzigo wake, akaanika siku tatu, akawatuma Jumamosi kwa kikapu.