Ziara ya kriketi si mashindano

Timu ya taifa ya kriketi ikisafiri kwenda kucheza mechi za ova chache ugenini, watu huanza kuulizana nani atachukua ubingwa wa ziara. Ubingwa huo haupo. Swali lenyewe linachanganya vitu viwili, na anayevichanganya hupitwa na mengi katika mechi anazozitazama.

Maana ya ziara kwa kifupi: timu ya nchi moja inaalikwa na bodi ya kriketi ya nchi nyingine, inakaa huko kwa muda na kupambana na mwenyeji huyo huyo mara kadhaa. Ova moja ni mipira sita halali. Kila upande hupewa ova 50 za kupiga katika mechi ya siku moja (ODI), na 20 katika T20. Ova zikiisha, au wiketi kumi zikianguka, yaani wapigaji kumi wakitolewa, zamu imekwisha.

Mashindano, kama Kombe la Dunia, yana timu nyingi na bingwa mmoja. Ziara ina timu mbili, na ndani yake mna mifululizo ya mechi inayojitegemea. Mfululizo wa siku moja una mshindi wake, na wa T20 una wake. Mara nyingi hata vikosi havifanani: mpigaji anayetegemewa katika ova 50 anaweza asiitwe kabisa kwa zile 20.

Chukua ziara ya Australia nchini Uingereza, Septemba 2020, viwanja vikiwa vitupu kwa sababu ya korona. T20 tatu zilichezwa Southampton, Uingereza ikashinda 2–1. Timu zikahamia uwanja wa kriketi wa Old Trafford, Manchester, kwa mechi tatu za siku moja. Walipofika ya mwisho walikuwa 1–1. Uingereza ilipata mikimbio, yaani alama za kriketi, 302. Australia ikaporomoka hadi 73 kwa wiketi tano, na wengi wakaona mambo yamekwisha. Ndipo Glenn Maxwell na Alex Carey wakaongeza 212 wakiwa pamoja, kila mmoja akivuka mia, na Australia ikashinda mipira ikiwa imebaki miwili. Anayejumlisha atasema ziara iliisha 3–3, sare. Sare gani? Siku ile Australia ilikuwa imeshinda mfululizo kwenye ardhi ya wenyeji, tena kila ushindi wa ODI ulikuwa na pointi 10 za kuwania nafasi ya Kombe la Dunia la 2023.

Kinachosahaulika ni kwamba ziara ndiyo kongwe. Waingereza walivuka bahari kwenda kucheza Marekani na Kanada mwaka 1859. Kombe la Dunia la wanaume likaja 1975, na Afrika Mashariki ikapeleka timu yake. Mechi ya kwanza ya kimataifa ya siku moja yenyewe ilizaliwa ndani ya ziara. Uingereza ilikuwa Australia kwa mechi ndefu za Test, mvua ikaifuta ya Melbourne, na tarehe 5 Januari 1971 ikachezwa mechi ya ova 40 kila upande, za mipira minane minane kama ilivyokuwa Australia wakati huo. Wenyeji walishinda. Haikupangwa impate bingwa yeyote.

Kwa hiyo ukiulizwa matokeo ya ziara ile ya 2020, taja yote mawili: Uingereza T20, Australia siku moja. Kujumlisha kupo, lakini pale tu panapokubaliwa mapema. Ashes ya wanawake, pambano la Uingereza na Australia, tangu 2013, huweka Test, ODI na T20 kwenye hesabu moja ya pointi, na kila mchezaji huijua hesabu hiyo kabla mpira wa kwanza haujarushwa.