Kusafisha paa la kioo kwa ndani

"Mwanangu, hili paa umeliosha au umelipaka samli?"

Aliyeniuliza hivyo kwa simu ni bibi mmoja mzaliwa wa Unguja ambaye ameishi huku Uingereza miaka mingi. Shikamoo yangu hata hakuiitikia. Jana yake nilikuwa nimemwoshea konsavatori, yaani kile chumba cha vioo ambacho Waingereza hukiunganisha nyuma ya nyumba, upande wa bustani, na jioni niliondoka nikijiona fundi. Asubuhi jua lilipopenya, kila kioo cha paa kilionyesha michirizi kutoka kileleni hadi ukutani. Nilirudi nikaosha upya bila malipo, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba paa la kioo lina kazi mbili tofauti, ya nje na ya ndani, na ujuzi wa moja unaweza kukuharibia nyingine.

Kosa langu lilikuwa maji. Nje, maji ndiyo yanayofanya kazi. Brashi iko kwenye ncha ya mti mrefu wa kushikia, maji yanapanda kwa bomba hadi kwenye brashi, yanalainisha, yanasuuza, na uchafu unateremka zake kwenye mfereji wa paa. Hukaushi kitu. Ndani unakifanyia kazi kioo ukiwa chini yake. Tone halina pa kwenda ila kuning'inia, kukusanya vumbi, kisha kufuata mteremko hadi kwenye fremu au kudondokea kochi la mwenye nyumba. Mengine hufuata mti wenyewe, yakaingia kwenye mkono wa shati, yakasafiri mpaka kwapani. Nikimwona mwenzangu ametoka kusafisha paa kwa ndani na kwapa limelowa, sihitaji kwenda kulitazama hilo paa.

Siku hizi, kabla sijagusa ndoo, nauliza uchafu uko upande gani. Wengi huniita nisafishe ndani kumbe kinachowakera kiko nje: ukijani wa mwani, kinyesi cha ndege, majani yaliyooza juu ya kioo. Na kuna uchafu ulio katikati. Kioo cha mapaa haya kwa kawaida ni vioo viwili vilivyofungwa pamoja, baina yao kuna nafasi ya hewa au gesi, na pembeni mwake mna punje za kunyonya unyevu. Kizibo cha pembeni kikichoka, unyevu huingia, punje hushiba, ukungu unaanza kutokea humo katikati. Asubuhi ya baridi upo, adhuhuri umetoweka. Huo hauoshwi. Dawa yake ni kubadilisha kioo. Kwa yule bibi vilikuwa viwili vya namna hiyo, na nilivisugua mpaka bega likaniuma ndipo nikakubali.

Nakutana pia na wenye vioo "vinavyojisafisha vyenyewe". Vipo kweli; Pilkington, kampuni ya vioo ya hapa Uingereza, ilitoa vyake mwaka 2001. Vina tabaka jembamba sana la titaniamu dioksaidi ambalo, likipigwa na mionzi ya jua, huvunjavunja uchafu wa mimea na wadudu, na mvua ikinyesha maji husambaa kama shuka badala ya kusimama matone matone. Lakini tabaka hilo liko upande wa nje tu. Ndani hakuna mvua, na kioo hicho ni kioo kama kingine. Mteja mmoja alinishikia kipeperushi cha muuzaji akinionyesha kwamba paa lake halihitaji kuoshwa, huku nzi waliokufa wamejipanga juu ya vichwa vyetu.

Jambo jingine la kuangalia mapema ni kama hicho ni kioo kweli. Konsavatori nyingi za zamani zimeezekwa polikaboneti, plastiki yenye vijia ndani yake kama ubao wa boksi. Ligonge kwa ukucha: kioo hulia kwa ukali, plastiki hutoa mlio mzito wa debe tupu. Plastiki hiyo haitaki amonia, haitaki viyeyushio, haitaki chochote cha kukwaruza; itafifia au itapasuka nyufa ndogo ndogo. Na mwani ukishaingia ndani ya vile vijia, mwambie mwenye nyumba ukweli, usimlie pesa.

Tuseme basi ni kioo, na uchafu uko ndani. Uchafu huo una mafuta zaidi ya ule wa nje: mvuke wa jikoni kama mlango uko wazi, masizi ya mishumaa, uji mtamu unaorushwa na vidukari walioko kwenye mimea, vidoa vya nzi. Hatua ya kwanza ni kavu. Brashi laini juu ya mti, kisha bomba la mashine ya kunyonya vumbi kwenye pembe zote, mpaka utando wa buibui uishe. Ukiruka hatua hii na kugusa utando kwa kitambaa chenye maji, unapata uji wa kijivu ambao utauhamisha kutoka kioo hadi kioo mchana kutwa.

Baada ya hapo natumia kichwa chembamba cha pembetatu chenye kitambaa cha maikrofaiba, nimekifunga kwenye mti mwepesi wa kuunganisha. Pembetatu ina sababu: konsavatori za mtindo wa Kivictoria zina vioo vya paa vilivyochongwa vikakutana kileleni kama vipande vya keki, na kichwa cha mraba hakifiki kwenye ncha. Dawa nanyunyizia kitambaa, si kioo. Kitambaa kiwe na unyevu wa nguo iliyobaki nusu saa kukauka kambani, basi. Naanzia kileleni nikishuka, kisha napitisha kitambaa kingine kikavu kabla unyevu haujakauka wenyewe. Kidoa cha nzi usikisugue. Kiwekee kitambaa, hesabu mpaka kumi, kitalainika. Vitambaa nabadilisha bila huruma. Ukiona kioo cha tano kimetoka kibaya kuliko cha kwanza, tatizo si sabuni, ni kwamba unakipaka mafuta ya vile vinne vilivyotangulia.

Sabuni nayo, matone machache ya sabuni ya vyombo katika maji vuguvugu yanatosha, na mafuta yakiwa mengi naongeza spiriti kidogo. Wenzangu wengi huzidisha. Sabuni isiyosuuzwa ndiyo samli ya yule bibi. Maji yenyewe ni yale niliyochuja kwenye gari, ambayo kipimo chake cha madini kinasoma sifuri. Kusini mashariki mwa Uingereza maji ya bomba yamepita kwenye miamba ya chokaa. Ukiacha tone likauke kwenye kioo linaacha duara jeupe. Aliyelelewa kwa maji ya kisima ya pwani haoni ajabu, ameshaona sufuria inavyoota ukoko mweupe.

Na ule mpira wa kukaushia, wenye mpini, unaovuta maji kwenye kioo, ambao Ettore Steccone, Mwitaliano aliyehamia California, aliupatia hataza mwaka 1936? Naupenda kuliko chombo chochote nilicho nacho, na kwenye madirisha ya ukutani siuachi. Lakini unahitaji kioo kilicholowa ili uteleze, na tumeshaona maji ya paani huishia wapi. Chini ya paa unabaki mkandani.

Kwa habari ya urefu, kilele cha konsavatori ya kawaida huwa mita tatu na kitu, na kubwa hupita nne. Kanuni za Kazi za Juu za mwaka 2005 za hapa zinaanzia mahali pa busara: kama kazi inaweza kufanywa bila kupanda, usipande. Kwa hiyo mti kwanza, miguu sakafuni. Pakinilazimu kupanda, natumia jukwaa dogo lenye reli. Ngazi ya kuegemeza haina pa kuegemea humo. Fremu za paa zimetengenezwa kubeba kioo, upepo na theluji kutoka juu, si mtu mzima anayezisukuma kutoka chini. Niliwahi kufika kwa mteja nikakuta fremu imepinda na kioo kimepata ufa pembeni, kazi ya aliyenitangulia.

Shingo ndiyo itakayokustaafisha kwenye kazi hii. Usisimame chini ya kioo unachokisafisha. Rudi nyuma, acha mti ulale kwa pembe, utatazama mbele na juu badala ya juu moja kwa moja. Mimi nimenunua miwani ya wapanda miamba, ile yenye vioo vya kupindisha mwanga ambayo wao huvaa wakimshikia mwenzao kamba: unatazama mbele, unaona juu. Wateja hucheka. Shingo yangu inanishukuru.

Kuhusu mimea, nina aibu ya kusimulia. Nimezaliwa Muheza, chini kabisa ya Milima ya Usambara, na ua la Usambara nimekuja kulijua kwenye konsavatori za Waingereza. Ni kimmea cha manyoya chenye maua ya zambarau, ambacho mbegu zake zilipelekwa Ujerumani mwaka 1892 na afisa wa kikoloni, Walter von Saint Paul-Illaire. Leo kimejaa madirisha ya Ulaya nzima, na Wajerumani bado wanakiita kwa jina la milima yetu. Yule bibi alikuwa na vyungu sita vyake chini ya paa. Sikuvihamisha. Matone baridi yalidondokea majani, na baada ya siku chache kila jani likawa na pete za rangi ya mchanga, kwa sababu majani ya ua hilo hayavumilii maji ya baridi. "Mtu wa Usambara mwenyewe!" aliniambia, na hilo lilinichoma kuliko habari ya samli. Sasa mimea natoa nje ya chumba yote, na samani nazifunika kwa shuka kuukuu.

Siku ya kazi nataka mawingu. Mchana wa Julai wenye jua, chumba hicho ni tanuri, na unyevu hukauka kabla ya kitambaa cha pili kufika. Mwishoni nasubiri kiza kiingie, nawasha tochi kwa ubavu wa kioo. Michirizi yote iliyojificha hujitokeza. Kama mteja hana subira ya kungoja magharibi, narudi asubuhi yake.

Mara moja au mbili kwa mwaka zinatosha kwa ndani. Na nje ioshwe kwanza, siku ile ile au kabla yake. Ukianza na ndani utasimama pale chini ukisugua doa la njiwa ambalo liko upande wa pili.