Kumuua mbwa aliyeng'ata hakumalizi hatari
Mbwa akimng'ata mtu, mtaani kinachofuata ni mawe na marungu: eti akishakufa, hatari ya ugonjwa wa kichaa cha mbwa imekwisha. Si kweli. Mbwa mwenye kichaa huanza kutoa virusi kwenye mate siku chache tu kabla ya dalili, kisha hufa upesi. Ndiyo maana, akiweza kushikwa, hufungiwa siku 10 chini ya uangalizi wa afisa mifugo; akibaki mzima, mate yake hayakuwa na virusi siku aliyong'ata. Ukimponda kichwa, umeharibu hata ubongo ambao maabara ingeupima.

Lakini aliyeng'atwa asizisubiri siku hizo, tafadhali! Aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, povu lifike ndani kabisa, kisha akachomwe chanjo siku hiyohiyo. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona.