Kifaa Rahisi Nacho Hupata Hataza

Wengi huamini kwamba hataza, yaani haki ya kisheria inayolinda uvumbuzi kwa muda, ni ya mitambo tata tu. Sivyo. Sheria haipimi ugumu. Inauliza kama kitu ni kipya, kina matumizi, na hakikuwa dhahiri kwa mtaalamu wa fani hiyo.

Tazama kipanya cha kompyuta cha mvumbuzi Mmarekani Douglas Engelbart: kisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili chini, moja likipima mwendo wa kushoto na kulia, jingine wa mbele na nyuma. Basi! Marekani ilikipa hataza mwaka 1970. Kilicholindwa ni muundo ule, si wazo zima la kusogeza alama kwenye skrini kwa mkono. Naona alistahili kabisa: urahisi wake tunauona leo kwa sababu alitutangulia. Hataza iliisha 1987, kabla kipanya hakijaenea kote duniani.